Kabla ya Kupiga Hema Kanada

Huku kwetu kaskazi ingali inavuma na jasho halikauki shingoni; huko Kanada maziwa yameganda hata watu wanatembea juu yake kwa miguu. Huenda msomaji akashangaa kuona nimechagua siku hizi kuandika juu ya mahema na matembezi ya kiangazi. Sababu yake ni nyepesi. Atakaye kulala katika mbuga ya Kanada mwezi wa Agosti hana budi kuitafuta nafasi yake sasa, au katika wiki chache zijazo. Anayengoja hadi viza itoke na tiketi iwe mkononi, aghalabu hukuta viwanja vyote vimekwisha chukuliwa.

Swali lenyewe nimelizoea. Jamaa wengi wa Mombasa, Malindi na Lamu wana watoto wao Toronto, Ottawa, Calgary na Edmonton. Skuli zetu zikifunga Agosti, babu na bibi hualikwa, na wajukuu wa huku hufuatana nao. Wenyeji hutaka kuwakirimu wageni kwa kuwatoa mjini, na nchi ile ina mbuga za kila namna. Iko moja, Wood Buffalo, ambayo ukubwa wake ni karibu mara mbili ya Tsavo zetu mbili zikiunganishwa. Basi huniuliza: twende ipi? Mimi si mwenyeji wa Kanada. Nimeingia huko mara mbili tu, na mara ya pili ndiyo iliyonifundisha.

Mwaka wa 2024 binti yangu na mumewe, wakaao Toronto, walitualika mimi, mama watoto, na dada yangu mkubwa, ambaye umri wake umepita miaka 70 na goti lake la kulia halimtii. Mkwe wangu alikuwa amekwisha panga kila kitu. Tungeruka hadi Edmonton, tukodi gari, twende Jasper katika Milima ya Rocky, tulale mahemani siku nne mwanzo wa Agosti. Jioni ya kwanza alituonyesha picha katika simu yake: ziwa la rangi ya zumaridi, vilele vyenye theluji, vijana wamesimama juu ya jabali. Wajukuu walishangilia. Dada yangu alizitazama zote mpaka ya mwisho, akamrudishia simu kwa adabu, kisha akaniinamia na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, mimi ninapelekwa kulinda hema?"

Sikuwa na jawabu. Sote tulikuwa tumezitazama picha, wala hakuna aliyelitazama goti.

Usiku wa tarehe 22 Julai amri ilitoka watu wote waihame Jasper kwa sababu ya moto wa msitu. Watu wapatao 25,000, wakazi na wageni pamoja, waliondoka usiku ule kwa barabara zilizojaa moshi. Siku mbili baadaye moto uliingia mjini ukateketeza karibu thuluthi ya majengo yake. Hata zimamoto mmoja alifariki kwa kuangukiwa na mti. Sisi tulikuwa bado Toronto, alhamdulillahi. Pesa za kiwanja zilirudishwa zote. Za ndege zilirudi nusu baada ya mabishano marefu, na shirika lenyewe sitalitaja.

Hapo ndipo mkwe wangu alipofanya jambo ambalo ningependa kila mwenyeji alifanye kabla ya kufungua picha yoyote. Alikaa kitako mbele ya dada yangu akamuuliza, "Mama, ukitembea, unafika wapi kabla hujataka kukaa?" Dada yangu akafikiri. "Kutoka nyumbani hadi msikitini, nipumzike barazani, nirudi." Mimi naijua njia hiyo, haipungui nusu kilomita, haizidi sana. Basi kipimo cha safari yetu kikawa hicho: njia tambarare, ya kilomita moja au moja na nusu kwa jumla, yenye mahali pa kukaa. Vipimo vingine vikafuata chenyewe. Mama mkubwa huamka usiku mara mbili, basi choo kiwe karibu na kiwe na taa. Haliwezi goti lile kuinuka kutoka chini, basi pawe na kitanda. Mjukuu wa pili ana pumu, basi tusiende penye moshi. Imamu asalishaye hutakiwa awafikirie walio dhaifu nyuma yake, na sikuona kwa nini kiongozi wa msafara atoke katika hukumu hiyo.

Tulipozipima mbuga kwa kipimo hicho, zilizobaki zilikuwa chache, na iliyokuwa karibu ni Algonquin.

Algonquin ni mbuga ya mkoa wa Ontario, iliyowekwa mwaka wa 1893, na ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 7,600. Kutoka Toronto ni mwendo wa saa tatu hivi kwa gari kuelekea kaskazini. Sifa yake kubwa kwa familia ni barabara moja, Namba 60, ipitayo ndani ya mbuga kwa kilomita 56, na kandokando yake vimepangwa viwanja vya kambi, fukwe za maziwa na njia fupi za miguu, kila kimoja kikijulikana kwa kilomita yake kutoka lango la magharibi. Huhitaji kuwa mpanda milima. Unaegesha gari, unatembea njia ya saa moja, unarudi garini. Anayetaka makuu zaidi huchukua mtumbwi akaingia ndani kwenye maziwa zaidi ya 2,000 ambako hakuna gari wala duka. Hiyo ni safari ya vijana wenye mabega, na wakati wake utafika.

Nafasi tuliipata kwa sababu mbili. Kwanza, tulitafuta Jumatatu hadi Alhamisi, wala si mwisho wa wiki. Pili, binti yangu alikuwa akifungua ukurasa wa uhifadhi kila asubuhi, kwani watu hufuta safari zao na viwanja vyao hurudi sokoni. Asitegemee mtu bahati kama yetu. Kanuni ya mbuga za Ontario ni kwamba nafasi hufunguliwa miezi mitano kabla ya siku ya kufika, saa moja ya asubuhi. Atakaye kuingia tarehe 12 Agosti, na awe macho tarehe 12 Machi.

Lipo jambo moja ambalo wengi wetu hulichanganya. Mbuga za taifa, kama Banff, Jasper na Fundy, ziko chini ya Parks Canada, idara iliyoanza mwaka wa 1911 na ambayo ilikuwa ya kwanza ya namna yake duniani. Mbuga za mikoa, kama Algonquin, zina idara zao. Mifumo ya uhifadhi ni mbali mbali, viingilio ni mbali mbali, na kibali cha huku hakikupitishi kule. Mbuga za taifa huwafungua watu kwa siku maalumu mwanzoni mwa mwaka, kila mbuga na siku yake. Walio chini ya miaka 18 huingia bure katika mbuga za taifa, na kibali cha familia huchukua watu hadi saba waliomo katika gari moja, jambo linalotufaa sisi wenye nyumba kubwa. Kiangazi cha 2025 serikali iliondoa kiingilio kabisa kwa watu wote. Kwa hivyo kila mwaka uliza kwanza kabla hujalipa, na ulipe katika tovuti ya serikali yenyewe, si kwa mtu akuambiaye kwamba ana kiwanja cha kukuuzia.

Viwanja vya kambi navyo havilingani. Katika Algonquin, baadhi vina majengo ya bafu yenye maji ya moto na mashine za kufulia, vingine vina vyoo vya shimo tu. Kiwanja cha Pog Lake kina sehemu ambazo redio haziruhusiwi, na sehemu ambazo mbwa hawaingii. Sikuamini niliposoma. Mama mwenye kuchunga tohara ya mkeka wake wa kuswalia, na mwenye kutaka watoto walale bila ya ngoma za jirani, atambue kwamba sehemu hizo zipo na azitafute kwa jina.

Kitanda cha dada yangu kilikuwa kile cha kukunja, kirefu kutoka ardhini, kilichonunuliwa dukani Toronto. Lau tungewahi mapema tungepata bora zaidi. Mbuga nyingi za taifa zina vibanda viitwavyo oTENTik, nusu hema nusu nyumba, vyenye sakafu ya mbao na vitanda vya kuwalaza watu sita. Algonquin nayo ina mahema ya duara ya namna ya Wamongoli katika kiwanja cha Mew Lake. Huchukuliwa kabla ya kila kitu kingine.

Siku ya pili vijana walipanda njia iitwayo Lookout, kama kilomita mbili, fupi lakini yenye mwinuko mkali, mpaka juu ya jabali ambapo msitu wote huonekana chini yako. Dada yangu tulimpeleka Spruce Bog. Hiyo ni njia ya kilomita moja na nusu juu ya kinamasi, na sehemu zake zenye maji zimetandikwa mbao. Alitembea na fimbo yake, leso moja kiunoni na nyingine kichwani, akisimama kila mara kuuliza. Maji yale ni meusi kama chai ya rangi, misonobari yake imedumaa, na chini ya mbao kumeota kuvu laini kama godoro. Akaniambia kwamba mahali pale panamkumbusha mikoko ya Mtwapa maji yanapopwa, ila hapana kaa. Alikaa mara tatu. Alimaliza njia nzima, na usiku ule yeye ndiye aliyekuwa na hadithi ndefu kuliko wale waliopanda jabali.

Sasa nitaje aibu yetu. Mama watoto na binti yangu walikuwa wamepika mahamri sufuria nzima kabla ya safari, na pilau ya nyama ya ng'ombe iliyotoka kwenye bucha ya halali ya mjini, kwani ndani ya mbuga hutaikuta. Sheria ya kambi tuliisoma langoni: chakula chote, sufuria chafu, hata dawa ya meno, vilazwe ndani ya gari lililofungwa, kwa sababu dubu weusi wamo, na dubu aliyekwisha zoea chakula cha watu mwisho wake huuawa. Pilau tuliifungia. Mahamri tuliyasahau juu ya meza, yamefunikwa kwa kawa kama nyumbani. Kiasi cha saa nane za usiku tulisikia kawa likianguka. Mkwe wangu akamulika kurunzi, na juu ya meza wamekaa rakuni watatu, wenye barakoa nyeusi machoni kama wezi wa kwenye michoro, kila mmoja kashika hamri kwa mikono miwili. Hawakukimbia. Dada yangu alicheka kitandani mwake hata akakohoa. Asubuhi mlinzi wa mbuga alipita, akayaona makombo, wala hakucheka. Alitueleza kwa upole kwamba lau angekuwa dubu tungefukuzwa kambini na pengine kutozwa faini, na kwamba alikuwa na haki ya kututoza hata kwa rakuni. Aliyasema hayo mbele ya wajukuu wangu. Sheikh mzima nilitazama chini.

Kwa hivyo akina mama nawaomba mlichukue hili kwa uzito. Mapishi yetu yana harufu inayosafiri. Pika vyenye harufu kali nyumbani, uvipashe tu kambini. Maji ya kuoshea vyombo usiyamwage chini ya mti. Yana mahali pake. Mishikaki juu ya moto ni halali na ni tamu, ila kuni zinunuliwe mbugani au karibu yake, kwani kuzisafirisha kutoka mjini hueneza wadudu waharibuo miti. Na kabla ya kuwasha, soma tangazo la langoni: msimu ukiwa mkavu, moto hupigwa marufuku kabisa, basi jiko dogo la gesi lisikosekane, kama lenyewe halijakatazwa.

Mavazi hayana tatizo ila mawili. Buibui la kitambaa cha nailoni hushika cheche upesi, na pindo refu hunasa kwenye mizizi na mbao. Vaa pamba ukiwa karibu na moto, na pandisha pindo njiani. Anayetaka kuingia majini awe na vazi la kuogelea la kusitiri lililo jepesi, kwa sababu dera la pamba likilowa huwa mzigo. Fukwe za mbuga za Ontario hazina waokoaji. Mbuga nyingi huazimisha jaketi za kuelea. Mvalishe mtoto, hata kama yeye ni mwogeleaji wa Pwani. Ziwa la maji matamu halimbebi mtu kama bahari yetu ya chumvi.

Wadudu ndio waliowaondoa wengi mbugani kabla ya siku zao. Mei na Juni huwa na visubi weusi na mbu wengi mno. Mwezi wa Agosti hupungua sana, na hii ni sababu nyingine ya likizo yetu kuwa bora kuliko ya wale watangulizao. Malaria haipo, lakini kupe wa kusini mwa Ontario huweza kuambukiza ugonjwa wa Lyme, basi watoto wakaguliwe kila jioni, nyuma ya magoti na chini ya nywele.

Ama swala, kambi iliturahisishia kuliko nilivyodhani. Sisi wa Mombasa tumezoea kuelekea kaskazini moja kwa moja. Algonquin qibla huwa kaskazini mashariki, na ukienda magharibi hadi Milima ya Rocky huzidi kukaribia kaskazini. Safari ile inapita masafa ya kupunguza, na kwa madhehebu yetu ya Shafii asiyenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila ya siku ya kuingia na ya kutoka, ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya. Kopo la maji tulilibeba wenyewe, kwani vyoo vya huko vina karatasi tu. Maji ya udhu tuliyatia katika chupa za chai tangu jioni, ili dada yangu asiguse maji ya baridi alfajiri.

Wapo watakaosema: sheikh, hatukwenda Kanada kutazama kinamasi, twataka milima. Ni haki yao. Kwa hao mbuga ni Banff, kilomita zipatazo 130 kutoka Calgary, kwenye barabara nzuri. Ndiyo ya kwanza kwa umri katika nchi ile, tangu 1885, chemchemi za maji moto zilipotengwa. Jamii ya Stoney Nakoda, waliokuwa wakiwinda na kukusanya dawa humo, walizuiwa baadaye. Mwenye kujua yaliyowapata Wawaata Tsavo ilipotangazwa mwaka wa 1948 hatahitaji kuelezwa zaidi. Leo wageni zaidi ya milioni 4 huingia Banff kwa mwaka, na wengi wao hutaka kusimama katika sehemu mbili zile zile, Lake Louise na Moraine Lake.

Kwa hivyo yajue haya kabla ya kuchagua. Tangu 2023 gari la binafsi haliruhusiwi kwenda Moraine Lake. Ni basi la mbuga, lenye tiketi ya kuhifadhiwa, na sehemu ya tiketi hutolewa siku mbili tu kabla ya safari. Kiwanja cha Lake Louise, kwa wenye mahema ya kitambaa, kimezungushiwa uzio wa umeme kwa ajili ya dubu wakubwa wa milimani. Mama asiyelala kwa kusikia hivyo asipelekwe huko kwa nguvu. Alazwe mjini Banff au kiwanja cha Tunnel Mountain karibu na mji. Usiku wa Julai hushuka hata nyuzi 6 au 7, ilhali sisi ikifika 20 tunatafuta shuka. Kila mtu awe na fuko zito la kulalia, soksi na kofia ya sufu. Njia za juu huweza kuwa na theluji hata mwezi wa Julai. Kwa goti la dada yangu pale ingefaa Johnston Canyon hadi maporomoko ya chini, kilomita moja na kidogo kwenda, lakini alfajiri na mapema kabla njia haijajaa watu. Njia za milimani zilizobaki, vijana waende wanne au zaidi pamoja, wakizungumza kwa sauti, na kila kundi liwe na dawa ya kumpulizia dubu kiunoni, si ndani ya begi. Dawa hiyo haipandi ndege, hununuliwa huko. Umbali wa kumtazama dubu ni mita 100, na paa wakubwa mita 30, hata kama wamesimama barabarani kama mbuzi wa Old Town.

Katikati ya kiangazi, Banff na Jasper jua huzama karibu saa nne za usiku, na kwa wiki kadhaa giza kamili haliingii. Wakati wa Isha hapo ni wa hisabu, basi fuateni ratiba ya misikiti ya Calgary au Edmonton wala msijitungie wenyewe kambini. Na mpitao Edmonton kuelekea Jasper, mwombeeni marehemu Hilwie Hamdon. Yeye na akina mama wenzake ndio waliomkabili meya wa mji na kuzunguka madukani kwa Waislamu, Wakristo na Mayahudi wakichangisha, hata msikiti wa Al Rashid ukafunguliwa mwaka wa 1938, wa kwanza katika Kanada yote.

Jasper imefunguliwa tena, ingawa utapita misitu iliyoungua. Ila yaliyotupata yamenifundisha kwamba safari ya milimani Julai na Agosti sharti iwe na mlango wa pili. Mwaka wa 2023 Kanada nzima iliunguliwa na zaidi ya hekta milioni 15, na moshi ulifika miji ya mbali. Nunua tiketi inayobadilika hata kama imezidi bei kidogo. Mwenye pumu katika nyumba yako abebe dawa zake mara mbili ya hesabu, na asubuhi ya kila siku tazama kipimo cha hewa kabla hujatazama ramani.

Zilizobaki nitazipitia mbiombio. Bruce Peninsula, saa nne kutoka Toronto, ina maji ya rangi ya Watamu chini ya majabali meupe. Lakini pango lake mashuhuri lina miamba ya kuruka, na hata maegesho yake huhifadhiwa kabla. Wenye watoto wadogo tu, Sandbanks ina mchanga laini na maji ya kina kifupi, na Jumamosi hujaa kama Pirates siku ya Iddi. Wenye wazee tu, Point Pelee, ncha ya kusini kabisa ya bara la Kanada, ni tambarare yote, ina njia ya mbao juu ya kinamasi na vibanda vya oTENTik.

Nimeibakiza Fundy, katika mkoa wa New Brunswick, kwa sababu dada yangu ndiye aliyeipata mwenyewe. Mjukuu alimwonyesha kwenye simu kwamba katika ghuba ile maji hupwa na kujaa kuliko popote duniani: ndani kabisa ya ghuba hufikia mita 16, na ufukweni mwa mbuga yenyewe huzidi 10. Bamvua letu la Kilindini ni kama mita 4. Yapo majabali, Hopewell, ambayo watu hutembea chini yake juu ya sakafu ya bahari, na baada ya saa sita mitumbwi hupita pale pale. Ndani ya mbuga kuna njia ya Dickson Falls, kilomita moja na nusu, yenye ngazi za mbao kwenda kwenye maporomoko, na sehemu fupi isiyo na ngazi mwanzoni mwa njia ya Caribou Plain, kwa siku ambayo goti limekasirika. Ukungu ni mwingi na bahari ni baridi. Hayo hayakumtisha.

Juzi amenipigia simu baada ya Isha. Yeye ni binti wa mvuvi, na hakuniuliza bei ya tiketi wala habari za dubu. Aliuliza kama bamvua la huko huja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu kama la kwetu. Nikamwambia ndiyo. "Basi mwambie mkwe wako asinichagulie tarehe yoyote tu," akasema. Mkwe wangu, nasikia, amefungua kalenda ya mwezi upande mmoja na ukurasa wa uhifadhi upande wa pili, anatafuta kibanda chenye kitanda cha chini.